Ngolo za Darasa la Tatu

Mbaha, 26 Januari 2025

Shangazi Walburga,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Sijasahau agizo lako la pale stendi ya Mbinga, kwamba nikishafika nikuandikie barua yenye kichwa na miguu, kwa sababu kuongea kwenye simu kwako ni kama kula umesimama. Basi nimekaa kitako kabisa na kalamu ninayo. Huku tu wazima. Malaria ilinipitia wiki ya kwanza, ikaona sina nyama ya kutosha, ikaondoka. Nyumba naishi na Mwalimu Jacqueline wa darasa la kwanza. Anakoroma lakini anapika vizuri, kwa hiyo tumesameheana. Nakutumia samaki aina ya mbasa, wakavu watatu, kwa mkono wa Nazari, dereva wa basi. Ukipokea wawili, yeye ndiye wa kuulizwa.

Nimekabidhiwa darasa la tatu. Watoto wanazidi sabini na madawati hayafiki thelathini. Nikiandika ubaoni, wa mbele wananakili kwangu na wa nyuma wananakili kwa wa mbele, kwa hiyo kosa la mtu mmoja linafika ukutani kabla sijageuka. Jedwali la kuzidisha wanaliimba kama timu inayoshangilia, ila ukiwakata katikati hawajui waanzie wapi. Inabidi warudi mwanzo wa wimbo. Nikaona nikiendelea hivi tutafika Juni tukiwa na sauti nzuri tu.

Nyuma ya madarasa, karibu na kijito, kuna kipande cha ardhi chenye nyasi ndefu ambacho hakuna anayekilima. Nikamwomba Mwalimu Mkuu, Mwalimu Thabiti, anipe kiwe darasa la nje. Amenipa kwa sharti. Kamati ya shule inakitaka kiwe cha mpunga, na mwenyekiti wake, Mzee Raimundi, hapendi kuona ardhi ikichezewa. Basi nina muda hadi siku ya wazazi, Ijumaa ya tarehe 28 Machi, tunapofunga kwa likizo fupi. Siku hiyo wazazi waone watoto wamejifunza kitu pale. Wasipoona, kiwanja kinarudi kwa kamati na sisi tunarudi kunakili ubaoni.

Sasa nikuambie nitalima nini. Nimeamua ngolo. Watoto hawa hawajawahi kuona shamba la mashimo. Nimewachorea ubaoni jinsi nyasi zinavyofyekwa na kulazwa kwa miraba, udongo ukachimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi, likabaki shimo lenye matuta pande nne, na maharage yakapandwa juu ya matuta. Nikasema kwa kujidai kabisa kwamba ndivyo Wamatengo tulivyoishi kwenye miteremko miaka yote bila mvua kuondoka na udongo wetu. Kuna mtoto anaitwa Mosi, huyo hana swali dogo. Akauliza, "Mwalimu, na hapa udongo unataka kwenda wapi?" Hapa ni tambarare mpaka ziwani. Nikamwambia akae.

Wewe ndiye uliyenishikisha jembe, kwa hiyo nitumie maelekezo. Najua nawe karibu utaanza kufyeka.

Mwanao,
Lidia

*

Mbinga, 9 Februari 2025

Lidia mwanangu,

Milele amina, na marahaba. Mbasa walifika wawili. Nimemuuliza Nazari, anasema wa tatu aliruka akarudi ziwani. Nimemsamehe kwa kuwa alibeba barua bila kuikunja.

Hapa hatujambo. Kahawa imebeba, Mungu akitulinda na mvua ya mawe. Mbuzi wa jirani Bernadi amekula kola ya shati la paroko lililokuwa limeanikwa, na Bernadi kaja kuniuliza mimi afanyeje, kana kwamba mbuzi nilimfundisha mimi. Goti langu linanikumbusha umri asubuhi, jua likipanda linasahau. Usihangaike nalo.

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya tano niliisoma kwa sauti baada ya misa, nje ya kanisa. Bernadi akasema ngolo haziwezi kwenda ziwani. Nikamwambia ngolo zinakwenda popote anapokwenda Mmatengo, na mwanangu ni Mmatengo mwenye cheti cha ualimu. Akanyamaza. Ni furaha kubwa kumnyamazisha Bernadi, umenipatia hiyo hata kabla hujachimba.

Sasa sikiliza. Nyasi zisilazwe mbichi, ziache zinyauke. Mistari inyooke, maana mstari ukipinda mwanzo utapinda mpaka mwisho na watu watakucheka. Shimo lifike gotini kwa mtu mzima. Watoto wadogo wasipewe majembe makubwa. Na wakati wa kufunika waimbe, udongo unakubali zaidi watu wakiimba. Hiyo huwezi kuikuta kwenye kitabu chako cha sayansi, lakini ndivyo ilivyo.

Na jambo la mwisho. Siku hiyo ya wazazi nitashuka. Umri huu wote nimelitazama ziwa kwa mbali tu, kutoka juu, likiwa kama shuka limeanikwa. Nitakuja kuona ngolo zake. Nina kitenge ambacho hakijawahi kuvaliwa.

Shangazi yako,
Walburga

*

Mbaha, 2 Machi 2025

Shangazi Walburga,

Shikamoo, na tumsifu Kristo. Natumaini goti limeendelea kusahau. Sisi wa huku tu wazima, isipokuwa Mwalimu Jacqueline amevimba jino na kwa siku mbili hakukoroma, nikakosa usingizi kwa ukimya.

Leo Waislamu wameanza kufunga, na Jumatano ni Majivu, kwa hiyo wiki hii shule nzima itakuwa na njaa ya kidini. Wadogo wanajaribu kufunga mpaka adhuhuri. Nasma, binti wa Abdulmajid mwenye duka, ameniahidi atamaliza siku nzima, halafu akaniuliza kama kulamba mkono wenye chumvi ya jasho kunafungulisha. Nikampeleka kwa Mwalimu Mkuu, ndiye mwenye elimu hiyo.

Darasani tunakwenda vizuri. Sayansi tuko kwenye ukuaji wa wanyama, na watoto wameleta viluwiluwi kwenye chupa za plastiki. Tumezipanga dirishani na kila asubuhi tunaangalia nani ameota miguu. Mmoja wamempa jina la Mzee Raimundi kwa sababu hageuki haraka. Nimewakataza, lakini nilicheka kwanza, na hapo ndipo nilipoharibu. Michezo tumecheza na darasa la nne, tukafungwa, kisha tukafungwa tena. Kwenye Kiswahili tumefika kwenye barua za kirafiki, wakaniomba anwani ya mtu wa kweli. Nimewapa wewe. Nakuletea maswali matatu waliyoyapigia kura, na karatasi walizoyaandika wenyewe nimezikunja humu.

Nasma anauliza: huko milimani mtu akidondosha chungwa, analifuata mpaka wapi?

Bartholomayo anauliza: hiyo kahawa mnayolima mnaikunywa wenyewe?

Mosi anauliza: Bibi, mwaka huu umechimba ngolo ngapi? Anataka idadi ya mistari na idadi ya mashimo kwa kila mstari, ili darasa lizidishe.

Wanasubiri majibu kwa hamu. Nazari anapiga honi, naishia hapa.

Wako,
Lidia

*

Mbinga, 13 Machi 2025

Lidia,

Milele amina na marahaba. Barua yako imechelewa kwa kuwa basi lilizama kwenye tope, abiria wakalala kijijini kwa watu, na Nazari anasema walipewa ugali na maharage mazuri, kwa hiyo hakuharakisha kutoka. Hapa wote hawajambo. Paroko amepata shati jipya. Bernadi ndiye aliyelinunua.

Wajibu watoto hivi. Mwambie Nasma kwamba chungwa likidondoka kwangu linaishia kwa Bernadi, na miaka yote hii hajarudisha hata moja. Mwambie pia kufunga siku nzima ni kazi ya wakubwa, asijiumize. Mwambie Bartholomayo kwamba kahawa tunaiuza na wenyewe tunakunywa chai ya majani, ila mimi hujiwekea kikombe kimoja siku ya Krismasi nijue wenzetu wanalipia nini. Nami nina swali kwao: usiku mnalalaje na maji yale yote yakipiga kelele mlangoni? Nimefurahi sana kuandikiwa na watoto. Mwandiko wa huyo Nasma ni mzuri kuliko wako.

Sasa wewe. Umeniandikia jino la Jacqueline, mpira mliofungwa, na viluwiluwi mpaka majina yao. Ngolo hukuzitaja hata kwa bahati mbaya. Mimi nimekulea, Lidia. Ulipovunja chungu changu ulinisimulia habari za shule jioni nzima.

Kama kuna kinachosumbua, najua ni nini. Hamkufika chini. Walimu mna mikono laini, mmechimba kwa aibu. Chimbeni zaidi, kina kiongezeke, mtaona mabadiliko.

Shangazi yako

*

Mbaha, 19 Machi 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kristo. Wote wazima. Leo sina habari za jino.

Tulichimba zaidi kama ulivyosema. Tuliyaona mabadiliko. Maji yalikuja kutupokea.

Ngoja nikueleze yote, kwa sababu imenikaa kooni mwezi mzima. Tuliyapanga mashimo vizuri sana, Shangazi. Mistari sita, kila mstari mashimo manane, imenyooka mpaka Mwalimu Mkuu akaipiga picha. Waliimba wakifunika. Tukapanda maharage. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha usiku, asubuhi tukakuta kila shimo limejaa maji mpaka ukingoni, na hayakuondoka. Nilidhani ni ya mvua. Kumbe yanatoka chini. Kwenye mteremko wetu shimo linashika maji na kuyanywa taratibu, lakini hapa ziwa liko karibu, na ukichimba kidogo tu unagonga maji. Watu walinitajia mpunga tangu siku ya kwanza na mimi, mtoto wa mlimani, sikujiuliza kwa nini mpunga. Nilikuwa nimeshajawa na ngolo kichwani. Maharage yameoza yote. Bata wa Abdulmajid wamehamia. Vyura ndio usiseme, na sasa umejua viluwiluwi vya dirishani vilitoka wapi.

Sikukuandikia habari za ngolo kwa sababu ulishasoma barua nje ya kanisa. Niliona haya.

Jana kamati ilipita. Mzee Raimundi alisimama ukingoni akatazama, akasema, "Mwalimu, tulikuazima shamba, umetuchimbia visima." Wenzake walicheka mpaka mmoja akashika mti. Hakusema kwa ubaya, lakini alimalizia kwamba Ijumaa ya wazazi wataangalia, na wasipoona faida ya watoto, matuta yatasawazishwa wakati wa likizo na mpunga utasubiri msimu wake hapo. Ana haki. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafungasha majembe.

Aliyenizuia ni darasa. Nilikuta wakati wa mapumziko wanarukaruka juu ya matuta kwa makelele, nikaenda kuwagombeza, nikakuta Nasma ni mwamuzi. Anataja, "Nne mara tano," na mtu anakimbia juu ya matuta mpaka kwenye shimo la tano la mstari wa nne, anageuka, na mashimo yote kuanzia kona ya mwanzo mpaka alipofika ndiyo jibu lake. Akikosea anasukumwa majini. Shangazi, wanaona kwa macho yao kwamba nne mara tano ni kitu chenye pande mbili. Mimi niliwapa wimbo, wao wamejipatia uwanja. Siku hizi hisabati yote tunafundishia pale. Nimefuta tu ile sheria ya kusukumana, kwa sababu ya sare za shule.

Hicho ndicho tutakachowaonyesha wazazi. Sijui kama kitatosha. Hakuna hata punje ya maharage ya kushika mkononi, na mzazi akiacha kazi zake kuja shuleni anataka kuona kitu.

Nimewasomea majibu yako wakapiga makofi. Wanasema kelele za maji ndizo zinazowalaza, wewe unalalaje bila hizo. Ila Mosi alibaki amesimama wenzake walipoketi. "Bibi hajajibu swali langu." Nikasema labda amesahau. Akasema, "Bibi hakusahau chungwa."

Wako, mwenye visima,
Lidia

*

Mbinga, 24 Machi 2025

Lidia,

Marahaba. Milele amina.

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikamwita Bernadi nikamsomea mwenyewe, kwa sababu angeyapata kwa Nazari na kuyaongezea. Alicheka pia, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea kwake: kwamba watoto waliojifunza wamejifunza, iwe kwenye maharage au kwenye vyura. Kwa hiyo usione haya kwa ajili yangu. Ushauri wa kuongeza kina ulikuwa wangu, nausimamia na kuujutia.

Siku ya wazazi sitaweza kuja. Kuku wangu anaatamia.

Wasalimie watoto wote. Kitenge kitasubiri.

Walburga

*

Mbaha, 28 Machi 2025, jioni

Shangazi,

Shikamoo. Nazari anaondoka alfajiri, kwa hiyo nakuandikia mkono ukiwa bado na chaki.

Wamekuja, Shangazi. Nilidhani kwa mfungo huu wa pande mbili watakuja wachache, maana hakukuwa na chakula cha kuwaita. Wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mwalimu Mkuu alikaribisha, darasa la kwanza wakasoma silabi, darasa la tano wakaigiza mtu anayekataa kutumia chandarua, wakachekesha sana. Kisha ikafika zamu yetu, tukawapeleka wazazi nyuma.

Walipoona tu yale maji na bata, vicheko vikaanza mstari wa nyuma. Mama mmoja akauliza kama tunafuga samaki. Nikawaambia watoto waanze, wakaanza. Mzazi anataja, mtoto anakimbia. Tatu mara nane. Sita mara tano. Vicheko vikapungua, watu wakasogea ukingoni, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu majibu. Abdulmajid alikosea mara mbili, mtu wa kuuza duka kila siku, na bintiye akamsahihisha mbele ya watu.

Mzee Raimundi alikuwa amesimama mikono nyuma. Akasema, "Hawa wamekariri mashimo yao. Mtu hata njia ya nyumbani kwake anaikariri." Mosi akamwambia kwa adabu, "Babu, basi taja wewe." Naye akataja saba mara saba.

Shangazi, tuna mistari sita tu. Nilitaka kumwambia hiyo haimo shambani, na najua alijua. Nasma akatoka. Alikuwa amefunga, midomo imekauka kabisa. Alikwenda mpaka shimo la saba la mstari wa sita, akasimama akasema, "Hapa ni arobaini na mbili." Kisha akashuka kwenye tuta, akatoka nje ya shamba mpaka kwenye nyasi, na kwa kisigino akachora miraba saba chini, mmoja baada ya mwingine, sambamba na mstari wetu. "Na huu ni mstari ambao hatujachimba. Arobaini na tisa."

Hakuna aliyemfundisha hivyo. Sikumfundisha mimi. Nililia, sikuficha.

Mzee Raimundi alivua kofia, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. Akauliza ni mtoto wa nani, na Abdulmajid akainua mkono kama yuko darasani. Kisha Mzee akasema neno ambalo kijiji kizima kinalirudia jioni hii: "Huo mstari wa saba na uchimbwe." Ametuachia kiwanja, na ametuongezea kipande mpaka kwenye njia. Maharage ametukataza kabisa. Msimu wa mpunga ukifika ataleta mbegu mwenyewe na kuwaonyesha watoto jinsi ya kuipanda ndani ya mashimo. Bata nao wamepewa muda wa kuhama. Nilitamani ungekuwepo, nilitafuta kitenge kipya katika watu wote wale.

Sasa nakuja kwenye jambo langu. Kuku wako anaatamia, nimesikia. Tangu lini kuku amehitaji msaada wa mtu kukalia mayai yake?

Mosi ameniuliza tena leo, kila mtu akiwa na furaha, yeye na swali lake. Hapo ndipo nilipokumbuka barua yako iliyonisema kwamba sikuzitaja ngolo hata kwa bahati mbaya. Nikazitoa barua zako nikazisoma tena. Umeniandikia kola ya paroko na mbuzi wa Bernadi. Ngolo zako hukuzitaja hata kwa bahati mbaya. Wewe umenilea, Shangazi, na yale ya chungu kilichovunjika nilijifunzia nyumbani kwako.

Sikuulizi kitu. Jumatatu nimealikwa sikukuu kwa kina Nasma, nikikataa sitasamehewa. Jumanne napanda. Mosi amenituma nikahesabu kwa macho yangu nimletee jibu, mistari na mashimo. Nimemuahidi. Kwa hiyo jembe langu lile la mpini mfupi lisiazimwe kwa mtu.

Lidia

*

Mbinga, 13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Kwa wanafunzi wa darasa la tatu. Mwalimu Lidia awasomee kwa sauti, asiruke kitu.

Wajukuu zangu,

Hamjambo. Natumaini mmerudi shuleni mmenenepa, na waliokula sikukuu wamekula na sehemu yangu. Mimi sijambo. Matawi tumebariki asubuhi, mbuzi wa Bernadi akala ya watu wawili. Nasma, habari zako zimefika huku kabla ya barua, na nje ya kanisa wanalijua jina lako. Kuku ametotoa vifaranga sita, kwa hiyo hakuna atakayesema nilidanganya kuhusu kuku.

Nina deni la swali la Mosi. Sikulisahau. Nililiruka, kama mtu anavyoruka dimbwi akiwa na viatu vizuri. Mosi, ulipouliza nilikuwa sijachimba hata moja. Tangu nikiwa msichana sijawahi kuacha mwaka upite bila ngolo, na mwaka huu goti lilikataa kunishusha kwenye mteremko. Nyasi zilikuwa zimesimama shambani kunizidi kimo. Sikumwambia mtu. Mwalimu wenu akaandika kwamba anachimba ngolo huko ziwani, nikafurahi mno, nikasema basi za kwangu mwaka huu ziko huko. Ndiyo maana nilijivuna nje ya kanisa. Niliona aibu kumwambia mtoto niliyemfundisha kwamba sasa siwezi.

Mwalimu wenu alifika Jumanne jioni, akasimama juu ya shamba, akaziona zile nyasi. Asubuhi alishuka na fyekeo. Nazari akaja siku yake ya mapumziko kulaza nyasi, akazilaza zimepinda, kwa sababu amezoea kona za barabara. Bernadi alikuja kucheka akaishia kushika jembe. Mimi waliniweka kwenye kigoda juu kabisa ya mteremko niwe msimamizi, na niliwasimamia mpaka wakaniomba ninyamaze. Tumepanda maharage. Yamechelewa kidogo, lakini yameshatoa kichwa, na huku kwetu maji hayatoki chini.

Basi jibu lenyewe. Waliochimba kwa ajili yangu wamechimba mistari saba, na kila mstari una ngolo tisa. Zidisheni. Mkimaliza msifunge madaftari, kwa sababu kuna mstari wa nane. Mwalimu wenu haujui, aliondoka ukiwa haujaanzwa. Una ngolo nne tu. Hizo nimezichimba mwenyewe, nimekaa kwenye kigoda, nikikisogeza taratibu. Likizo yenu ya Septemba ikikaribia nitashuka na kitenge changu, mnionyeshe huo mstari wa saba.

Mosi, usizisahau hizo nne kwenye jumla.

Bibi yenu,
Walburga